Uwanja wa ndege wa Kigoma haukui kwa lami peke yake

Asubuhi moja, katika ukumbi wa abiria wa uwanja wa ndege wa Kigoma, nilimwona mama mmoja akifungua upya boksi lake la migebuka mbele ya mizani. Alitoa mafurushi mawili yaliyofungwa kwa magazeti, akamkabidhi kijana aliyemsindikiza, akalibana boksi tena kwa selotepu, kisha akaenda kupanga foleni. Kijana alibaki ameyakumbatia mafurushi yale. Akanigeukia na kuniuliza: "Kaka, ndege kubwa vile inashindwaje na kilo nane za samaki?"

Huenda siku ile sababu ilikuwa tu kikomo cha mzigo kilichoandikwa kwenye tiketi. Lakini kikomo hicho nacho kina chanzo chake, na nimekuja kuona kwamba anayelijibu vizuri swali la kijana yule anakuwa ameeleza karibu kila jambo linalotatiza kuhusu ukuaji wa uwanja wa Kigoma: urefu wa njia ya kurukia, ardhi inayouzunguka, taa, zimamoto, na hata barabara kuu zinazotoka njiapanda ya Kidahwe kwenda Kasulu na Uvinza. Tumezoea kuyazungumza mambo haya kila moja kivyake, uwanja ukiwa habari ya wasafiri wenye fedha na barabara habari ya wenye malori na mabasi, na ndiyo maana mjadala wetu mara nyingi haufiki popote.

Tuanze na hewa yenyewe. Kwa kuwa Kigoma iko kando ya maji, wengi hudhani kwamba iko chini kama mji wa pwani. Sivyo. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege, ulioko upande wa mashariki wa mji, uko kwenye takriban mita 820. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na joto la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Bawa la ndege hubebwa na hewa linayoipasua, na injini nayo huvuta hewa hiyo hiyo ili kuchoma mafuta. Kwa hiyo hewa inapokuwa nyepesi, ndege hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi, na kwa umbali mrefu zaidi, kabla magurudumu hayajaiacha lami.

Wanaobuni viwanja wana kanuni ya makadirio inayosaidia kuliona jambo hili kwa tarakimu. Urefu unaohitajika huongezwa kwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za kimo, kisha kwa asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango cha kawaida cha kimo hicho. Chukua ndege aina ya Q400, ambayo Watanzania tunaiita Bombardier, yenye viti 76 katika shirika letu la taifa. Ikiwa imebeba uzito wake wa juu kabisa na iko usawa wa bahari katika hali ya hewa ya kawaida, huhitaji takriban mita 1,400 ili kuruka. Ihamishie Kigoma: kimo cha mita 820 huongeza karibu asilimia 19, na urefu unafika mita 1,670 hivi. Mchana wa nyuzi 30, ambao si wa ajabu kwa Kigoma, ni joto la nyuzi 20 zaidi ya kiwango cha kimo hicho, na hapo unaongeza asilimia nyingine 20. Umefika mita 2,000. Ukarabati wa lami uliofanywa kwa fedha za Benki ya Dunia uliiacha njia ya kurukia ya Kigoma ikiwa na urefu wa takriban mita 1,800.

Hii haina maana kwamba ndege haiwezi kuruka, wala kwamba kuna hatari inayofichwa. Rubani hatumii makadirio ya namna hii. Ana majedwali ya mtengenezaji wa ndege, naye huyapitia kila safari kwa kuangalia joto, upepo na uzito wa wakati huo. Kama njia ni fupi kuliko uzito unavyodai, uzito hupunguzwa. Swali linalobaki ni uzito gani upunguzwe. Mafuta ya kufika Dar es Salaam, ambako kwa mstari wa anga ni takriban kilomita 1,080, hayaguswi, na akiba ya kugeukia uwanja mwingine iwapo hali ya hewa itachafuka haiguswi pia. Kinachobaki ni watu na mizigo. Ukikadiria kila abiria na begi lake kuwa kilo 100, kupunguza tani moja ni kuacha viti kumi vitupu, au kuwachukua wote na kubana mizigo hadi kilo ya mwisho. Gharama ya safari haipungui kwa sababu viti kumi havikukaliwa. Inagawanywa kwa waliopanda, na ndiyo sehemu mojawapo ya jibu kwa wanaouliza kwa nini nauli ya Kigoma huwa kubwa. Mafurushi ya kijana yule yalikuwa sehemu ya hesabu hii.

Wengi hujibu upesi: basi irefushwe. Hapo ndipo tunapoingia kwenye ardhi, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito kuliko sehemu nyingine yoyote ya habari hii.

Njia ya lami yenye urefu wa mita 1,800 na upana wa mita 30 inachukua hekta 5.4 tu. Mtu akisimama nje ya uzio na kuitazama anaweza kuona nafasi tele pande zote na kushangaa serikali inatafuta nini kwenye viwanja vya watu. Lakini viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga vinataka njia ambayo rubani huitua ndege kwa kufuata vyombo vya kuongozea izungukwe na ukanda ulio wazi, uliosawazishwa, wenye upana wa mita 280, unaoendelea mita 60 kila mwisho wa lami, ili ndege inayotoka nje ya njia isikutane na ukuta wala mtaro. Ukanda huo peke yake ni karibu hekta 54, yaani mara kumi ya lami yenyewe. Baada ya ukanda kuna eneo la usalama la mwisho wa njia, lenye urefu wa mita 90 kwa uchache na mita 240 kwa kadiri inavyopendekezwa. Kwa hiyo kila mita inayoongezwa kwenye lami huusogeza mpaka mzima wa uwanja, na nje ya mpaka wa uwanja wa Kigoma pana mji unaokua.

Tena mpaka hauishii ardhini, kwa sababu njia ya kutua ina mteremko wake wa anga. Mteremko huo huanza mita 60 nje ya mwisho wa njia na kupanda mita 2 kwa kila mita 100, na chochote kinachoupenya ni kizuizi. Kilomita moja kutoka hapo kimo kinachoruhusiwa ni mita 20 tu. Mchikichi uliokomaa unaweza kufika kimo hicho, na mwembe mkubwa wa aina ile iliyoujaza Ujiji kivuli hauko mbali nacho. Nimewahi kukaa kwenye kibaraza cha mzee mmoja huko nyuma ya uzio, tukiutazama mchikichi wake ulioandikwa namba kwa rangi kwenye shina. Mti ulikuwa bado unazaa, naye aliendelea kukata mikungu na kukamua mawese, lakini kwa miaka kadhaa hakuwa amepanda mche mwingine, kwa sababu hakuna anayejua kama atavuna. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa umepigwa lipu nusu, na nusu ya pili ilibaki tofali tupu tangu siku wathamini wa fidia walipopita.

Sheria haikumsahau mtu kama huyu. Kanuni za fidia za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, zinataka alipwe thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, gharama za kuhamisha mizigo, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida atakayoipoteza kwa miezi 36 kama ana biashara. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 nayo inaiwekea tathmini ukomo wa miaka miwili, ili bei ya saruji na mabati ya zamani isitumike kumlipa mtu atakayejenga leo. Ugumu unatokana na mpangilio wa kazi. Tathmini hufanywa mapema kwa sababu wafadhili wanataka kuiona, fedha za fidia hutoka mfuko tofauti na fedha za ujenzi, na kati ya hatua hizo mbili mtu huishi kwenye nyumba asiyoruhusiwa kuiendeleza wala kuweza kuiacha. Uwanja unaochelewa kukua huwagharimu abiria nauli kubwa, lakini gharama nzito zaidi huibeba kaya iliyoambiwa isubiri. Ningependa kila taarifa ya maendeleo ya mradi ianze na idadi ya kaya zilizokwisha kulipwa, kabla ya asilimia ya lami.

Kuna kitu kingine kisichohitaji ardhi nyingi lakini hubadilisha uwanja kuliko watu wanavyodhani, nacho ni taa. Uwanja usio na taa za njia ya kurukia hufungwa jua linapozama. Kigoma, kwa kuwa iko mbali magharibi na bado inatumia saa zilezile za Dar es Salaam, hupata machweo dakika 38 hivi baadaye, karibu saa moja jioni. Nusu saa hiyo ni zawadi ya jiografia, ila haitoshi. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku. Ikichelewa saa moja asubuhi katika mji mwingine, ucheleweshaji huo huongezeka kila inapotua, na kama Kigoma ndiyo ya mwisho kwenye ratiba, safari hufutwa kwa sababu tu giza litaiwahi. Ratiba hulazimika kuiweka Kigoma mchana, wakati hewa ni ya joto na nyepesi, yaani wakati ule ule ambao uzito hubanwa zaidi. Taa zinaruhusu kuruka alfajiri au usiku, hewa ikiwa imepoa. Rudi kwenye kanuni yetu: nyuzi kumi pungufu za joto ni karibu asilimia 10 ya urefu, ambazo njia ya kurukia inazipata bila kuongezwa hata mita moja ya lami.

Zimamoto nao wana sehemu yao. Kiwango cha kikosi cha uwanja hupangwa kwa ukubwa wa ndege ndefu zaidi inayotua mara kwa mara, na gari la kwanza linatakiwa kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Kwa viwanja vilivyo kando ya maziwa, somo chungu ni la Bukoba, ambako tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua na watu 19 wakafariki, na wavuvi wakawa miongoni mwa wa kwanza kuwafikia walionusurika. Kigoma iko kilomita chache tu kutoka ufukweni. Boti ya uokoaji yenye mafuta na watu waliofunzwa inapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya uwanja kama lilivyo jengo la abiria.

Kuhusu nani anawajibika kwa lipi, maelezo mafupi yanatosha. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, yaani TAA, huendesha uwanja. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, husimamia usalama na kuongoza ndege. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri. TANROADS hujenga barabara kuu na za mkoa, na kwa miaka kadhaa ilikabidhiwa pia ujenzi wa viwanja vya ndege. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inashika barabara za mijini na vijijini, na manispaa hupanga mji. Baada ya awamu ya lami ya Benki ya Dunia ulifuata mpango wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya wa kuviendeleza pamoja viwanja vinne, yaani Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, ukiwa na majengo mapya ya abiria, maegesho ya ndege na taa. Taasisi nyingi namna hii hufanya kazi vizuri pale kila moja inapojua tarehe ya mwenzake.

Sasa tutoke getini tushike barabara. Kwa miaka mingi Kigoma ilijulikana kama mwisho wa reli, jina la heshima tangu reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914, lakini pia jina la upweke, kwa sababu nje ya reli hapakuwa na njia ya uhakika. Leo barabara kuu inatoka mjini hadi Kidahwe, na hapo inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda Kasulu, Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, unakokutana na njia za Kahama, Mwanza na mpaka wa Rwanda. Mradi mkubwa wa upande huu, Kabingo hadi Kasulu na Manyovu, wenye kilomita 260.6, ulipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kugawanywa kwa wakandarasi katika vipande vinne. Mkono wa pili unakwenda Uvinza kilomita 76.6, kisha Malagarasi, Kaliua, Urambo na Tabora.

Mkono huu wa pili ulichelewa kwa sababu ambayo watu wa mijini hawaioni kirahisi. Mto Malagarasi haupiti bondeni kama mto wa kawaida. Unatandaa kwenye mabwawa na majani yaliyo sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 32,000 lililotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, la kwanza kwa Tanzania. Barabara kwenye ardhi ya namna hiyo haiwekwi juu ya udongo uliopo. Tope huondolewa, tuta huinuliwa kwa kifusi kinacholetwa kutoka mbali, na makalavati huwekwa kwa wingi ili maji yapite, la sivyo tuta linakuwa bwawa na mvua ya Novemba hadi Aprili inalikata. Daraja la Kikwete, linalouvuka mto huo na lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ndilo lililofungua sehemu ngumu kuliko zote, lakini daraja bila lami pande zote mbili halimfikishi mtu. Ndiyo maana kipande cha Malagarasi, Ilunde na Uvinza, chenye kilomita 51.1 tu, kilisubiriwa kwa hamu kuliko urefu wake unavyodokeza.

Barabara nayo ina mpaka wake, na mkanganyiko wa rangi unaouzunguka unastahili kuelezwa wazi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyojengwa ndani ya zile mita za zamani huwekewa alama ya X nyekundu, na mwenye nyumba kwa kawaida hadai fidia kwa kuwa alijenga ndani ya hifadhi. Iliyokuwapo kwenye mita 7.5 zilizoongezwa huwekewa X ya kijani, na huyo anastahili kulipwa eneo likichukuliwa. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kubeba rangi tofauti, na majirani wakadhani kuna upendeleo, kumbe tofauti ni mwaka wa sheria.

Je, barabara nzuri haitaua uwanja wa ndege? Swali hili nimelisikia mara nyingi, na jibu linategemea umbali. Safari ya kilomita 200 au 300 huhamia kwenye basi lami inapokamilika, hilo halina ubishi. Safari ya Kigoma kwenda Dar es Salaam ni nyingine: kwa reli ni takriban kilomita 1,250, kwa barabara ni zaidi ya hapo, na kwa Bombardier ni saa mbili na kitu. Hata reli ya kisasa, ambayo kipande chake cha Tabora hadi Kigoma chenye kilomita 506 kilisainiwa mkataba mwezi Desemba 2022, itachukua zaidi mizigo na abiria wanaoweza kutumia siku nzima njiani. Barabara, kwa upande wake, huuletea uwanja abiria ambao haukuwa nao. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 2.5 mkoani Kigoma, na walio wengi hawaishi manispaa; wako Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko na Uvinza. Kwa mkazi wa Kibondo, uwanja ulioko mwisho wa siku nzima ya vumbi au tope si uwanja wake. Ulioko mwisho wa saa chache za lami ni wake. Hesabu hiyo hiyo inafika Burundi kupitia Manyovu, inafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu pamoja na mashirika yanayoihudumia, na inawagusa wageni wa hifadhi za Gombe na Mahale, ambao baada ya kushuka kwenye ndege bado wana safari ya boti.

Abiria hao wapya ndio wanaoufanya urefu wa njia ya kurukia uwe na maana. Shirika la ndege haliongezi safari kwa sababu lami ni ndefu. Huongeza kwa sababu viti vinajaa wiki baada ya wiki, na kwa Kigoma viti hivyo vinaanza kujazwa kwenye stendi za Kasulu na Kibondo. Mzigo wa migebuka mibichi unahitaji barabara ya uhakika kutoka mwaloni wanakoshushwa samaki, barafu, na nafasi kwenye ndege siku hiyo hiyo. Kimoja kikikosekana samaki wanakaushwa na kupakiwa kwenye lori au treni. Na ziwa lenyewe lina msimu wake: uvuvi ulipopumzishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, mizani za samaki zilitulia, jambo ambalo mpangaji wa uwanja anapaswa kulikumbuka anapokadiria mizigo ya mwaka.

Chukua basi msafiri wa Kakonko mwenye miadi ya hospitali Dar es Salaam. Kabla ya lami na taa alihitaji kuondoka siku moja kabla, alale gesti Mwanga, mjini Kigoma, apande ndege ya mchana yenye viti vilivyobanwa kwa joto, na alipie yote hayo. Lami ikiunganika bila kipande cha vumbi, na taa zikiwaka kwenye njia ya kurukia, anaweza kuondoka nyumbani asubuhi baada ya chai, ale chakula cha mchana Kasulu, na apande ndege ya jioni hewa ikiwa imeanza kupoa. Na huenda boksi lake la samaki lisifunguliwe mbele ya mizani.